Nyumba ya Kupangisha, Riba ya Benki na Miezi Isiyo na Mpangaji

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulikuwa na akiba ya shilingi milioni 40 na nia ya kupata nyumba ya kupangisha kabla ya umri wa kustaafu. Mimi ni mhasibu, mume wangu ni fundi umeme, na wote wawili tumekaa Dar es Salaam muda wa kutosha kujua kwamba mtu mwenye fedha hakosi dalali. Dalali aliyetufikia alikuwa na nyumba iliyokamilika huko Goba, yenye sehemu nne zinazojitegemea, kila moja na vyumba viwili vya kulala, na zote zilikuwa na wapangaji. Mwenye nyumba alitaka milioni 120. Kila sehemu ilipangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na wapangaji walilipa kwa miezi sita sita kama ilivyo desturi ya mji. Dalali alikuwa amekwisha kutupangia kila kitu: sisi tutoe milioni 40, benki itoe milioni 80, pango lilipe mkopo, na baada ya miaka 15 nyumba iwe yetu bila sisi kuongeza senti. Hakutudanganya katika namba hata moja aliyoitaja, ila kulikuwa na namba nyingi ambazo hakuzitaja.

Riba ya mikopo ya nyumba nchini wakati ule ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, nami nikachukua asilimia 17 ili nisijipendelee wala kujitisha. Kwa mkopo wa milioni 80 wa miaka 15, marejesho yanafika takriban shilingi 1,231,000 kila mwezi, na jumla yake mpaka siku ya mwisho inakaribia milioni 222. Upande wa mapato, pango la sehemu zote nne kwa mwaka ni milioni 16.8. Hapo nilitoa kwanza mwezi mmoja wa kila sehemu kukaa tupu, kwa maana mpangaji anapohama kuna rangi ya kupaka, vitasa vya kubadilisha na mpangaji mwingine wa kutafutwa. Zikabaki milioni 15.4. Nikatoa kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye mapato ya pango, zikabaki milioni 13.86. Nikatenga milioni mbili na kidogo kwa matengenezo, gari la kunyonya maji taka, ujira wa dalali na taa za nje. Zilizosalia ni milioni 11.8, ambazo kwa mwezi ni kama shilingi 983,000. Upungufu wa karibu shilingi 248,000 ungetoka kwenye mishahara yetu kila mwezi, na huo ni mwaka ambao hakuna bomba lililopasuka wala mpangaji aliyekimbia na deni.

Mume wangu aliona kwamba laki mbili na nusu kwa mwezi si mzigo wa kututisha, na kwa kipato chetu cha wakati ule alikuwa sahihi. Kilichonisumbua mimi kilikuwa uwiano uliojificha nyuma ya upungufu huo. Nyumba ile ilizaa chini ya asilimia 10 ya bei yake kwa mwaka, ilhali fedha ya benki ilitugharimu asilimia 17. Maana yake kila shilingi mia tuliyokopa ingetutia hasara ya kama shilingi saba kila mwaka, na kadiri tunavyokopa zaidi ndivyo tunavyopoteza zaidi. Ushauri mwingi wa uwekezaji unaozunguka miongoni mwetu, kwamba tajiri hutumia fedha ya benki na maskini hutumia ya kwake, umetoka katika nchi ambazo hesabu hiyo imesimama kinyume na yetu. Mwaka huohuo wa 2019, Mmarekani wa kawaida aliweza kupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba ya karibu asilimia 4 isiyobadilika. Nyumba inayozaa asilimia 7 kwake ni faida juu ya deni, lakini ukiileta Goba kwa riba ya Goba, nyumba hiyohiyo inamla mwenyewe.

Dalali alikuwa na jibu moja ambalo huenda kila msomaji amewahi kulisikia: "Mama, ardhi haishuki bei." Sikatai kwamba viwanja vya Goba vimepanda sana, na huenda nyumba ile leo ina thamani kubwa kuliko milioni 120. Hata hivyo ongezeko la thamani halilipi rejesho la tarehe 28. Haliingii katika akaunti mpaka nyumba iuzwe, na nyumba kubwa huweza kukaa sokoni mwaka mzima ikitazamwa na watu wasio na fedha. Deni kwa upande wake lina ratiba. Sheria ya Ardhi ya 1999, pamoja na marekebisho yake, inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya siku 60 kabla ya kutumia haki ya kuuza dhamana. Mtu aliyekwama katika mwaka wa tatu hasaidiwi na bei nzuri itakayokuja mwaka wa kumi, na akilazimika kuuza ndani ya muda huo mfupi, bei anayopewa ni ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji amebanwa. Tangu siku ile, nikipima uwekezaji wowote wa nyumba huanza kwa kuuliza fedha iliyoijenga inadai lini, ndipo ninauliza nyumba yenyewe itaanza kulipa lini. Majibu hayo mawili yakipishana kwa miaka, mwenye kupona ni yule mwenye mshahara mnono wa kuziba pengo, na hapo si nyumba tena inayomlipia.

Kulikuwa pia na njia nyingine ambayo wanandoa wengi hawaiweki mezani wanapozungumzia nyumba. Hatifungani za serikali za miaka 20, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa muda huo, zilikuwa zikilipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, kila nusu mwaka, bila kodi. Milioni 40 zetu zingezaa kama milioni 6.2 kwa mwaka huku sisi tumelala. Nilimwonyesha mume wangu karatasi yenye safu mbili, ya Goba na ya hatifungani, naye akakaa kimya kwa muda kisha akaniuliza milioni 40 hizo zitanunua nini zitakaporudishwa baada ya miaka 20. Lilikuwa swali la haki. Mfumuko wa bei nchini ulikuwa mdogo miaka ile, wa asilimia tatu au nne, lakini hata huo ukikaa miaka 20 unaipunguza fedha karibu nusu yake, wakati kiwanja hubaki kiwanja na pango hupandishwa. Vilevile riba ya hatifungani mpya haina ahadi ya kubaki pale ilipo. Mwaka 2022 hatifungani mpya za miaka 20 zilishushwa hadi asilimia 12.10. Tuliachana na nyumba ya Goba, tukakubaliana kwamba tunataka ardhi na nyumba, lakini kwa fedha isiyodai haraka.

Kabla ya kutafuta kiwanja tulilazimika kuangalia hatari ambayo hakuna safu ya hesabu inayoweza kuibeba, nayo ni ile ya mipango ya serikali na hifadhi za barabara. Kwa sheria zetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na sisi wananchi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Mwaka 2017, wakati wa maandalizi ya kupanua Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo katika eneo lile inafika mita 121.5 kila upande. Kipimo hicho kina asili yake katika sheria ya enzi za ukoloni. Waliobomolewa wengi walikuwa na umeme, maji na majirani wa miaka mingi, na wengine walikuwa wamejenga maduka na nyumba za kupangisha kwa sababu hiyohiyo iliyotuvutia sisi sote, kwamba nyumba iliyo karibu na barabara kuu haikosi mpangaji. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alikuwa miongoni mwao, na aliendelea kukatwa mshahara kwa mkopo wa nyumba ambayo haikuwepo tena. Nilikuwa nikiziona hati zake za malipo kila mwezi kwa kuwa zilipita mezani pangu.

Kigamboni ilitufundisha upande wa pili wa hatari hiyohiyo. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya huko, na uendelezaji katika eneo husika ukasimamishwa kusubiri mpango. Watu wakakaa miaka wakiwa na viwanja wasivyoweza kujenga wala kuvitumia kama dhamana kwa uhakika. Baadaye mpango ule ulipunguzwa, na Aprili 2016 daraja likafunguliwa, bei za viwanja zikasogea juu. Jirani yetu mmoja alikuwa amenunua kule kwa fedha ya mauzo ya ng'ombe wa kwao Shinyanga, mwingine kwa mkopo wa mshahara. Wa kwanza alisubiri tu mpaka daraja likamkuta. Wa pili aliuza kiwanja chake kwa bei ya kutupa kabla nguzo za daraja hazijaonekana juu ya maji, kwa sababu makato yalikuwa yamembana na ada za shule zilikuwa zimefika. Eneo lilikuwa moja, na wote wawili waliiona fursa ileile kwa jicho zuri. Kilichowatenganisha ni aina ya fedha.

Kiwanja tulichokipenda kilikuwa Madale, kimepimwa, bikoni zake zinaonekana, umbali wa kutosha kutoka barabara kuu na pia kutoka kwenye mkondo wa maji. Hilo la mkondo tulilihakikisha kwa kwenda wakati wa masika, kwa kuwa kiangazi kila kiwanja cha Dar es Salaam ni kikavu. Bei ilikuwa milioni 18. Upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ulionyesha kwamba hati haikuwa na mkopo wala zuio, lakini jina lililokuwamo lilikuwa la mzee aliyekwisha kufariki, na aliyekuwa akituuzia ni mwanawe mkubwa. Tulikutana nao nyumbani kwao. Baada ya kuamkiana yule kaka mkubwa, ambaye kwa umri ni baba kwangu, alisema, "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi. Kila mtu hapa anajua baba alitugawia, na mwenyekiti wa mtaa ndiye shahidi." Nikamjibu, "Mzee wangu, neno lako nimelipokea, lakini siku nikienda kwa Msajili wa Hati hatawaita majirani." Alicheka, akaniambia nina maneno ya kihakimu, kisha akaingia ndani kuzungumza na nduguze.

Hatukutoa hata malipo ya awali mpaka familia ilipokwenda mahakamani, ikapata barua ya usimamizi wa mirathi, na msimamizi akatuuzia kwa mkataba ulioandaliwa na wakili huku warithi wote watu wazima wakitia saini ya kuridhia. Ilichukua miezi, na katikati yake dalali alitutisha mara kwa mara kwamba yupo mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu. Kwa kuwa fedha yetu haikuwa ya mkopo, miezi ile haikutugharimu riba; nafikiri ndiyo faida ya akiba ambayo watu huisahau, kwamba inakupa ruhusa ya kusubiri karatasi zikamilike. Mkopaji ambaye makato yamekwisha kuanza hushawishika kuruka hatua. Muhuri wa ofisi ya mtaa ni ushahidi mzuri wa ujirani na unafaa kuwepo, ila haumfanyi mtu kuwa mmiliki aliyesajiliwa.

Jambo jingine lililojitokeza katika mkataba linahusu bei inayoandikwa. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye mauzo, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia moja, kwa hiyo si ajabu kuombwa kwamba karatasi isome milioni 8 wakati mkononi zimepita milioni 18. Mnunuzi hukubali akidhani anamsaidia mwenzake bila yeye kupungukiwa. Mhasibu anaona kitu kingine: siku mnunuzi huyo atakapouza, gharama yake inayotambulika itakuwa milioni 8, na zile milioni 10 zilizofichwa zitahesabiwa kuwa faida yake yeye. Zaidi ya hapo, ukitokea mgogoro na mahakama ikaamuru urudishiwe fedha, utarudishiwa ya kwenye karatasi. Sisi tuliandika 18, na katika mkataba tukataja nani analipa kodi gani.

Sasa nije kwenye fedha za kujengea. Baada ya kiwanja na gharama zake tulibakiwa na kama milioni 21. Mdogo wangu wa kiume anaishi Houston, naye alitaka kuingia na milioni kumi ili sehemu moja ya nyumba iwe yake. Alikuwa amechukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania haikuruhusu uraia wa nchi mbili, sheria wakati ule ilimhesabu kuwa mgeni asiyeweza kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji ulioidhinishwa. Jina lake lisingeweza kuingia kwenye hati. Wapo ndugu wanaomaliza jambo kama hili kwa kuaminiana, na ninawaheshimu, lakini nimehudhuria vikao vya familia vya kutosha kujua kwamba kuaminiana huwa kati ya ndugu wawili, wakati mgogoro huja kati ya watoto wao. Tulimwandikia fedha yake kuwa mkopo kwetu, wenye kiasi, muda na fidia ndogo kwa mwaka, mbele ya wakili, na mume wangu akasaini pamoja nami. Mwanzoni mdogo wangu alinung'unika, akisema, "Dada, mimi nawe tuandikiane?" Leo ni yeye anayewapelekea wenzake wa kule mfano wa mkataba ule.

Mkopo wa pili ulitoka kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya kazini, ambapo nilikuwa na akiba ya milioni 5 na kanuni iliruhusu mara tatu yake. Milioni 15 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi ya salio linalopungua, kwa miezi 36, zilikatwa karibu laki tano kila mwezi. Niliyaangalia makato hayo kwa macho mawili: yalibaki ndani ya kiwango kinachomwachia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake, na yaliweza kulipwa na mishahara yetu hata kama nyumba isingeingiza shilingi kwa miaka yote mitatu. Kigezo hicho cha pili ndicho kilichoamua. Kulikuwa na taasisi nyingine iliyokuwa tayari kutupa fedha kwa haraka zaidi kwa kile ilichokiita asilimia 12 tu kwa mwaka, na kwa sikio la kawaida hiyo ni sawa na asilimia moja kwa mwezi ya SACCOS. Lakini riba yao ilikuwa bapa, yaani inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata pale unapokuwa umerudisha sehemu kubwa. Milioni 10 kwa miaka mitatu kwa utaratibu huo hulipiwa riba ya milioni 3.6, na ukiibadilisha kuwa riba ya salio linalopungua inafika karibu asilimia 21. Ofisa aliyetuhudumia hakuficha hilo tulipomwuliza. Ila lazima uulize. Ninawashauri wenzangu waombe jedwali lote la marejesho, wajumlishe safu ya mwisho, wasihangaike na asilimia iliyoko kwenye bango.

Katika ujenzi wenyewe sitakawia, kwa sababu kila aliyejenga ana simulizi zake za mafundi. Uamuzi wenye uzito ulikuwa mmoja. Tulichora nyumba ya sehemu nne ndogo, kila moja chumba, sebule, jiko na choo, tukaweka msingi na kuta za zote, tukapaua zote kwa pamoja, lakini tukakamilisha mbili tu na kuziacha mbili zikiwa pagale chini ya paa. Mume wangu alipitisha mabomba ya umeme na maji ya sehemu zote tangu mwanzo ili ukuta usije kuchimbwa tena. Mwishoni mwa 2020 bei ya saruji ilipanda ghafla nchini, nasi tulikuwa katikati ya plasta. Tulisimama mpaka bei ikatulia. Aliyejenga kwa mkopo mkubwa wakati ule alikuwa na machaguo mawili, kununua kwa bei ile au kulipa riba ya miezi ambayo fundi hayupo.

Mwaka huohuo wa 2020 mama mkwe wangu, ambaye anapangisha vyumba nyumbani kwake Tabata, alipata mtihani ambao ningeupata mimi kama tungeinunua nyumba ya Goba. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Wapangaji wake wawili walikuwa walimu wa shule binafsi, na shule zao ziliacha kuwalipa. Mama hakuwatoa. Aliwaambia wakae, walipe umeme na maji yao, na pango wataanza kulipa shule zikifunguliwa. Mmoja alilipa malimbikizo yote, mwingine alihama akiwa amelipa nusu. Nilikaa naye tukapiga hesabu: kuwatoa na kutafuta wapangaji wapya katika miezi ile, ambayo watu wengi walikuwa wakirudi kwao mikoani, kungemletea vyumba vitupu na gharama ya rangi. Subira yake ilikuwa uamuzi mzuri wa kibiashara pamoja na kuwa wa kiutu, na aliweza kuufanya kwa kuwa nyumba yake haikuwa na deni. Upungufu wangu wa laki mbili na nusu kwa mwezi ungekuwa laki sita kama sehemu moja tu ya Goba ingekosa mpangaji, na karibu milioni moja kama zingekosa mbili.

Sehemu zetu mbili zilianza kupangishwa 2021 kwa shilingi 250,000 kila moja. Nikijumlisha kila kitu, kwa kila shilingi tuliyotumia nyumba yetu haizai kwa namna ya kujivunia kuliko ile ya Goba. Tulipoteza pia mapato ya miaka miwili ya ujenzi ambayo mnunuzi wa Goba aliyapata tangu mwezi wa kwanza. Sipendi simulizi zinazoficha upande huo. Tulichokipata ni kwamba hakuna mwezi ambao nyumba ilitishia mshahara.

Mwaka 2023 mkopo wa SACCOS ulipokuwa umekwisha, tulikwenda benki kwa ajili ya sehemu mbili zilizobaki pagale. Benki ilitazama hati, ikatazama mikataba ya wapangaji, ikawa tayari kutupa milioni 30. Tulichukua 12. Kiasi hicho tulikipata kwa kurudi nyuma kutoka kwenye pango: sehemu mbili zinaingiza milioni 6 kwa mwaka, ukitoa miezi mitatu ya moja kukaa tupu, kodi ya serikali na laki sita za matengenezo, zinabaki kama milioni 4.1. Mkopo wa milioni 12 kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 16 unarudishwa kwa milioni 3.5 kwa mwaka. Zile sehemu mbili mpya hatukuziingiza kabisa katika hesabu, ingawa ndizo tulizokuwa tunazikopea. Ofisa wa benki aliona tunajibana bila sababu, naye kwa kazi yake ana haki ya kuona hivyo. Dhamana tuliyoweka ni hati ya Madale yenyewe. Nyumba tunayoishi, ambayo sheria inataka mume na mke wote waridhie kabla haijawekwa rehani, hatukuileta mezani.

Dada mmoja wa ofisini kwetu alistaafu mwaka huohuo, akaja na swali lake. Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilichoanza Julai 2022, mkupuo wa mstaafu ulikuwa asilimia 33 ya mafao na yanayobaki hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo fedha aliyokuwa nayo haikuwa nyingi kama alivyoitarajia kwa miaka mingi. Alikuwa na pagale lake Kibaha na alitaka kununua kiwanja kingine pembeni yake. Tulichora safu zilezile. Kiwanja cha pili kingemeza karibu mkupuo wote na kukaa miaka bila kuzaa, wakati pagale lilihitaji milango, madirisha, choo na rangi ili lianze kuingiza pango. Aliamua kulimalizia pagale na sehemu iliyobaki akanunua hatifungani, ambazo riba yake ya kila nusu mwaka ingelipa bima na matengenezo. Mwanawe hakuridhika, kwake yeye hiyo ilikuwa njia ya watu waoga. Benki nyingi hutaka mkopo wa nyumba uwe umekwisha kufikia umri wa kustaafu, kwa hiyo mama asingeweza kukopa kwa jina lake. Kijana akapendekeza akope yeye, wanunue nyumba iliyokamilika yenye wapangaji, na mama aweke hati ya nyumba anayoishi kuwa dhamana. Mama yake alilikataa hilo kabla sijaandika hata namba ya kwanza.